Macho Yaliyo Juu ya Bahari, na Faida Yake kwa Mwenye Mikarafuu



Katika mikutano ya matawi limezuka swali ambalo si vema likaachwa bila jawabu. Wanachama wameuliza: vyombo hivi virushwavyo angani na mataifa makubwa ili kuichungua bahari, sisi wenye mikarafuu vyatuhusu nini? Mkarafuu uko shambani, mizizi yake imo udongoni. Bahari ni ya mvuvi na nahodha. Na tena, kwa nini shauri la taarifa za hali ya hewa limewekwa mbele ya Mkutano Mkuu, na hali Chama kina mambo mengine mengi ya kutazama, kama miche, majamvi na ujira wa wachumaji?

Swali ni la haki na tutalijibu kwa kituo. Jawabu kwa ufupi ni hili: karafuu huota nchi kavu, lakini kheri yake na shari yake hutoka baharini. Mvua iuotesheayo mche hutoka baharini. Mvua ya vuli ikuteayo karafuu mbichi jamvini hutoka baharini. Na tufani ing'oayo miti ya miaka hamsini kwa usiku mmoja huzaliwa baharini. Kwa hiyo mwenye khabari ya bahari ana khabari ya shamba lake.

MWAKA WA TUFANI

Hakuna mtu wa visiwa hivi asiyepata kusikia tufani ya tarehe 15 Aprili 1872. Sayyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili katika utawala. Upepo uliipiga Unguja, ukang'oa mikarafuu na minazi kwa wingi usiokadirika, na vyombo vilivyotia nanga bandarini vikavunjika. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndipo Pemba ilipoishika nafasi ya kwanza katika karafuu, nafasi ambayo haijaiacha mpaka leo. Wenye mashamba wa Unguja walipanda upya, na kila mwanachama ajua maana yake kupanda upya: ni kungoja miaka saba hivi kabla ya mti kuanza kulipa.

Lakini jambo ambalo halisemwi sana katika hadithi hii ni kuwa tufani ile haikuzuka ghafla. Tufani ya namna hiyo hukaa baharini siku kadha, ikizunguka na kujikusanyia nguvu katika maji ya moto, kisha ndipo huja pwani. Siku ile ilipokuwa ingali mbali, yamkini mabaharia waliokuwa karibu nayo waliiona. Lakini hapakuwa na njia ya khabari kuitangulia tufani. Hata waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, yaani miaka saba baadaye.

Sasa tutazame mwaka 2024. Mapema mwezi wa Mei mwaka huo, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilijikusanya katika bahari iliyo mashariki ya pwani ya Tanzania. Kabla hakijafika, kilikuwa kimekwisha kuonekana, kimepewa jina, na njia yake imechorwa katika ramani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa siku baada ya siku. Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisimamishwa, na wavuvi wakaonywa wasitoke. Tarehe 4 Mei kikatua kisiwani Mafia na kupungua nguvu.

Tofauti kati ya miaka hiyo miwili si kuwa upepo wa 2024 ulikuwa na adabu zaidi. Tofauti ni kuwa mwaka 1872 bahari haikuwa na mtazamaji, na mwaka 2024 ilikuwa ikitazamwa usiku na mchana. Ni kweli kuwa tufani kubwa ni nadra kwetu, kwa sababu tuko karibu na ikweta, na huko upepo haupati mzunguko wa kutosha. Lakini nadra si sawa na kutokuwapo. Lindi ilipigwa mwezi wa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kiliipiga kaskazini ya Msumbiji mwezi wa Aprili 2019, karibu na mpaka wa Tanzania. Kisha Hidaya.

VYOMBO HIVI NI NINI

Setilaiti ni kama mwezi mdogo uliotengenezwa na watu, ukarushwa juu ukaizunguka dunia. Wa kwanza ulikuwa Sputnik, uliorushwa na Warusi tarehe 4 Oktoba 1957. Tarehe 1 Aprili 1960 Wamarekani walirusha TIROS-1, ya kwanza iliyofaulu kupiga picha za mawingu kwa ajili ya hali ya hewa. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki imo katika tarehe hii: tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti kutoka katika jukwaa lililosimikwa baharini karibu na Malindi, Kenya, ikaitwa kwa Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Hiyo ilitazama nyota, si bahari.

Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa kuitazama bahari iliitwa Seasat, na ilirushwa na Marekani mwezi wa Juni 1978. Ilifanya kazi kwa muda wa siku 100 na ushei tu, hitilafu ya umeme ikaizima mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Walakini siku hizo chache ziliwathibitishia wataalamu kuwa bahari yaweza kupimwa kutoka juu. Leo ziko nyingi, za Marekani, za nchi za Ulaya, za Japani, za China, na za India, jirani yetu wa ng'ambo na mnunuzi wa zamani wa karafuu zetu, ambayo tangu 1999 imekuwa ikirusha zake ziitwazo Oceansat.

Si zote zifanyazo kazi moja. Mwanachama atafahamu vizuri akizigawa kwa mambo zinayoyatazama.

Kwanza, MAWINGU. Iko setilaiti iliyowekwa juu kiasi cha kilomita 36,000, sawasawa na mstari wa ikweta. Kwa umbali huo huenda mbio zilizo sawa na mzunguko wa dunia yenyewe, hata ikaonekana kama imesimama mahali pamoja, mfano wa taa iliyotundikwa darini. Kwa Bahari ya Hindi kazi hii ilikabidhiwa setilaiti ya Ulaya, Meteosat-8, mwaka 2016. Na mwaka 2022 Meteosat-9 ikashika zamu, mahali palipo juu ya bahari upande wa kusini wa Mogadishu. Kutoka hapo hupiga picha kila dakika 15, na usiku pia, kwa kuwa hupokea joto na si mwanga peke yake. Hilo ndilo jicho lionalo tufani inapoanza kujikunja.

Pili, MOTO WA MAJI. Bahari yenye moto hutoa namna ya mionzi isiyoonekana kwa macho yetu, na setilaiti huipima. Jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu tufani haijengeki ila katika maji yaliyofika kiasi cha digrii 26 na nusu au zaidi. Maji hayo kwa tufani ni kama kuni kwa moto: zikiwapo huwaka, zikiondoka huzimika.

Tatu, UPEPO. Upepo ukipita juu ya maji huyaparuza, yakafanya viwimbi vidogo vidogo. Setilaiti hupeleka mawimbi ya redio chini, na kwa namna yanavyorudi hujua viwimbi vimekaaje, na kwa viwimbi hujua upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Nahodha wa jahazi hufanya vivyo hivyo kwa macho yake: hutazama maji yanavyosawijika kwa mbali, akajua upepo unakuja. Ila nahodha huona mpaka mwisho wa upeo wa macho yake, na setilaiti huona bahari nzima.

Nne, KIMO CHA BAHARI. Hii ndiyo ya ajabu kuliko zote, nasi tutaieleza kwa urefu zaidi.

BAHARI HAIKO SAWASAWA

Watu wengi hudhani kuwa maji ya bahari, tukiacha kupwa na kujaa, yako sawasawa kama maji yaliyo katika sinia. Sivyo. Bahari ina miinuko na mabonde, mapana sana na ya kimo kidogo, ambayo mtu akiwa chomboni hawezi kuyatambua hata kidogo. Penye maji ya moto huinuka, maana maji yakipata moto hutanuka. Penye maji ya baridi hushuka.

Mwezi wa Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilishirikiana kurusha setilaiti iitwayo TOPEX/Poseidon, ikae juu kiasi cha kilomita 1,336. Kazi yake ilikuwa kupeleka mpigo wa redio chini mpaka usoni mwa maji, na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Muda huo ni chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Lakini saa zao ni hodari mno, na kwa kuujua muda hujua umbali, na kwa umbali hujua kimo cha bahari kwa kosa lisilozidi sentimita chache. Tena mwangwi wenyewe hubeba khabari nyingine: ukirudi mkali na wa mara moja, bahari imetulia, ukirudi umevutika, kuna mawimbi makubwa.

Setilaiti ile ilifanya kazi mpaka mapema mwaka 2006, lakini ilikuwa imekwisha kupata warithi. Jason-1 ilirushwa mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016. Mwezi wa Novemba 2020 ikarushwa Sentinel-6 Michael Freilich, iliyopewa jina la mtaalamu wa bahari wa Marekani aliyefariki mwaka huo, na pacha wake akafuata mwezi wa Novemba 2025. Mmoja humpa mwenziwe kijiti, ili hesabu isikatike.

Wazee watapendezwa kusikia kuwa setilaiti hizi huirudia njia yao ile ile kila baada ya siku 10, kasoro saa mbili hivi. Manahodha wetu wa zamani, waliohesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi, waliugawa mwaka kwa miongo, yaani kumi kumi, na kwa mwongo walijua lini kusafiri na lini kupandisha chombo pwani. Wataalamu hawa hawakuipata hesabu yao kwetu, lakini ni jambo la kufurahisha kuwa bahari ile ile ingali ikisomwa kumi kumi.

MZANI WA BAHARI YA HINDI

Sasa twaja katika jambo limgusalo mwenye karafuu kuliko tufani, kwa kuwa tufani huja kwa nadra, bali mvua ya vuli huja kila mwaka.

Bahari ya Hindi ni kama mzani wenye vitanga viwili. Kitanga kimoja ni upande wetu wa Afrika, na cha pili ni upande wa Sumatra, kule Indonesia, ambako nako kuna mikarafuu mingi. Miaka mingine maji ya moto hukusanyika upande wetu kuliko kawaida, na upande wa Sumatra yakawa ya baridi. Inapokuwa hivyo, mawingu na mvua hutufuata sisi, na vuli huwa kubwa kupita kiasi. Huko kwa wenzetu huwa kiangazi. Miaka mingine mzani hugeuka, ikawa wao ndio wapatao mvua, na vuli yetu hukosekana.

Jambo hili halikuwa limefahamika sawasawa zamani. Mwaka 1997 ndipo lilipoonekana waziwazi. TOPEX/Poseidon iliona bahari upande wa Afrika imeinuka na upande wa Sumatra imeshuka. Mwaka huo, pamoja na El Niño iliyokuwako katika Bahari ya Pasifiki, Afrika Mashariki ilipata mvua na mafuriko ambayo watu wazima wote wanayakumbuka. Wataalamu waliyaandika mambo haya mwaka 1999, wakaupa mzani huu jina lake katika vitabu vya elimu. Mwaka 2019 ukainama tena upande wetu kwa nguvu, na vuli ya mwaka huo ikawa ya mafuriko tena.

Hapa mwanachama ayapime mwenyewe. Msimu wa karafuu ukiangukia miezi ya vuli, karafuu zichumwazo leo lazima zichambuliwe leo na kuanikwa kesho. Hazingojei. Zikipata jua la siku nne au tano hukauka, zikawa na rangi yake nzuri ya kahawia, na kikonyo kikaachana na karafuu bila taabu. Zikinyeshewa, au zikirundikwa zingali mbichi kwa kuikimbia mvua, hupata moto ndani kwa ndani, zikapauka, zikakunjamana, na zikifika kituoni huangushwa daraja. Mti umezaa vizuri, mchumaji amekwisha kulipwa ujira wake, na hasara yote imemwangukia mwenye karafuu katika siku mbili za mwisho.

Basi kwa mtu wa namna hii, kuambiwa kabla ya vuli kuanza kuwa mzani umeinama huku, ni khabari ya fedha. Aweza kutafuta turubai mapema. Aweza kuagana na wachumaji wake wachume mafungu madogo madogo, kuliko kuchuma shamba zima na kukosa pa kuanika. Na katika siku yenyewe, kuambiwa jioni kuwa kesho kuna upepo mkali na mvua ni khabari ya uhai, kwa kuwa kila mmoja wetu ajua tawi la mkarafuu linavyoteleza likirowa, na ajua nyumba ya mchumaji aliyeanguka.

KHABARI ZA PWANI

Wanachama wengi wana mguu mmoja shambani na mmoja pwani, na katika nyumba nyingi mwenye mume shambani ana mwani wake pwani. Kwa hiyo tutaeleza kidogo faida nyingine.

Ziko setilaiti zitazamazo rangi ya maji. Ya kwanza ilirushwa mwezi wa Oktoba 1978, na mojawapo ya zilizo mpya, iitwayo PACE, ilirushwa na Marekani mwezi wa Februari 2024. Maji yenye vimelea vidogo vya kijani, ambavyo ndivyo chakula cha dagaa, hutofautiana rangi na maji matupu. Maji yenye udongo uliochukuliwa na mvua kutoka katika milima iliyokatwa miti nayo huonekana. Setilaiti nyingine za Ulaya huona vitu vyenye upana wa mita 10, na kwa hizo mikoko yetu na miamba yetu ya matumbawe imechorwa katika ramani. Anayekata mikoko usiku akidhani hakuonekana, basi ajue kuwa pengo lake lina ramani.

Moto wa maji, tuliokwisha kuutaja, huua matumbawe pia. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya upande huu wa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, na mwaka 2016 na 2024 yakapauka tena. Mwani wa aina ya kotonii nao hauvumilii maji yakizidi moto, na jambo hili wakulima wa mwani hawahitaji kuambiwa na mtu.

Na liko la mwisho, zito kuliko haya. Tangu hesabu ya kimo cha bahari ilipoanza kuwekwa kwa setilaiti, mwaka 1993, mpaka mwaka 2024, bahari za dunia zimepanda kwa wastani kiasi cha sentimita 10, na mbio za kupanda kwake zimezidi. Sentimita 10 ni upana wa kiganja. Lakini kwa mabonde ya mpunga yaliyo kando ya bahari, ambako maji ya chumvi yameanza kuingia, kiganja kimoja si kidogo.

MAMBO YASIYOWEZEKANA

Haifai kumsifu ng'ombe kwa maziwa tukanyamaza juu ya pembe zake. Setilaiti zina mipaka, na mwanachama asiyeijua atatumaini yasiyokuwapo, kisha akasirike bure.

Setilaiti ipimayo kimo cha bahari haioni ila mstari mwembamba ulio chini yake. Kati ya njia moja na ya pili, karibu na ikweta, pana kilomita zaidi ya 300. Kisiwa cha Pemba, chenye urefu wa kilomita 67 hivi, chaweza kuwa chote katika nafasi hiyo. Tena, karibu na nchi kavu mwangwi huchanganyika na wa ardhi, hata khabari za kilomita chache za pwani zikawa si za kutegemewa. Kwa sababu hii Marekani na Ufaransa zilirusha nyingine mwezi wa Desemba 2022, iitwayo SWOT, itazamayo ukanda wa kilomita 120 badala ya mstari. Imeongeza mwanga, lakini hairudii njia yake ile ile ila baada ya siku 21.

Mawingu nayo huzuia setilaiti zitazamazo rangi, na baadhi ya zile zipimazo moto, na visiwa vyetu katika masika na vuli havikosi mawingu. Kadhalika setilaiti haibashiri. Huona yaliyopo, kisha wataalamu huingiza khabari hizo katika kompyuta, pamoja na vipimo vya vyombo vilivyo majini na nchi kavu, wakakisia yatakayokuja. Makisio ya kesho huwa karibu na kweli. Ya siku tano huwa ya kutumainiwa kwa kiasi. Ya msimu mzima husema vuli itaelekea wapi, lakini haiwezi kusema Jumanne ya wiki ya tatu itanyesha Wete au Mkoani. Na ajuaye kwa yakini yatakayokuwa ni Mwenyezi Mungu peke yake. Mwanadamu hupewa maarifa ya kujihadhari tu.

LINALOTUPASA

Tukirudi katika swali la mwanzo, kwa nini shauri hili limewekwa mbele ya Mkutano Mkuu, jawabu ni kuwa khabari hizi zimekwisha kulipiwa na wengine, na nyingi katika hizo hutolewa bure kwa dunia nzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa huzipokea, huzipima, na kuzitangaza kwa Kiswahili. Taarifa zake zina vyeo vitatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Zatoka kilomita 36,000 juu ya vichwa vyetu, zafika Dar es Salaam, zafika Unguja, zafika redioni na katika simu za mkononi. Kisha hukatikia hapo, hatua mia mbili kabla ya kufika jamvini, kwa kuwa mwenye simu yuko mjini na mwenye kuanika yuko shambani, au kwa kuwa taarifa ya kweli imechanganyika na ya uzushi katika simu hizo hizo, hata watu wakaziacha zote mbili. Hatua hizo mia mbili hakuna taifa litakalozirushia setilaiti. Ni zetu.

Kwa hiyo mapendekezo yatakayowekwa mbele ya Mkutano ni haya:

1. Kila tawi lichague mtu mmoja, na msaidizi wake, wa kupokea taarifa ya Mamlaka kila jioni katika msimu wa kuchuma, na kuitangaza baada ya sala ya Magharibi na katika viwanja vya kuanikia. Aitangaze kama ilivyotoka, asizidishe wala asipunguze.

2. Taarifa isiyo na jina la aliyeitoa na tarehe yake isipokewe, hata ikiletwa na mtu mwaminifu, maana mwaminifu naye huweza kudanganywa.

3. Ikitolewa tahadhari ya upepo, mwenye shamba asiwapandishe wachumaji mitini siku hiyo. Karafuu iliyobaki mtini ina kesho yake, aliyeanguka hana.

4. Kila tawi liwe na kipimo cha mvua na daftari moja. Upande mmoja wa daftari iandikwe taarifa iliyotangazwa, na upande wa pili yaliyotokea kweli. Baada ya misimu mitatu tutajua wenyewe, kwa bonde na kwa mlima, taarifa hizi ni za kuaminiwa kiasi gani kwetu, na tutaweza kuwapelekea wataalamu jambo wasilokuwa nalo.

5. Wazee wajuao pepo, miongo na dalili za bahari waandikiwe maneno yao katika daftari hilo hilo. Mara nyingi mashahidi wawili huwa bora kuliko mmoja.

Gharama yake ni ndogo, na tumeiandika katika makadirio yatakayosomwa Mkutanoni. Mwanachama mwenye shaka aje na shaka yake aiseme, na mwenye rai iliyo bora aje nayo. Hiyo ndiyo maana ya Chama. Lakini asiseme mtu kuwa bahari haituhusu. Wazee wetu wa mwaka 1872 walilala usiku bila ya khabari kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaletea. Sisi tukilala bila ya khabari, itakuwa kwa kutopenda kuipokea.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama